PSA imeanza kupanda tena: maswali ya PSMA PET kwa saratani ya tezi dume iliyorudi

Mzee wangu alitolewa tezi dume akiwa na miaka 64, akakaa vizuri miaka mitatu, alafu PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) ikaanza kutambaa. Tangu hapo wajomba, majirani na wazee anaosali nao wananiuliza maswali yaleyale, kwa hiyo nimeona niyaandike yote sehemu moja. Mimi sio daktari, mimi ni mtoto aliyebeba faili, na faili likibebwa muda mrefu na lenyewe linafundisha.

## Mwanzo kabisa

PSA imepanda baada ya oparesheni. Ndo saratani imerudi?

Ukishatolewa tezi dume yote, PSA inatakiwa ishuke mpaka isionekane, manake kiwanda chenyewe kimeondolewa. Wiki kama 6 hadi 8 baada ya oparesheni inakuwa imeshatulia. Ikifika 0.2 (nanogramu kwa mililita) alafu ukarudia ikawa bado 0.2 au imezidi, hapo madaktari wanasema imerudi kwenye damu, hata kama huumwi popote na unakula ugali wako vizuri.

Kwa aliyetibiwa kwa mionzi hesabu ni nyingine. Tezi bado iko ndani kwa hiyo PSA haifiki sifuri, wanachukua namba ya chini kabisa uliyowahi kufika wanaongeza 2. Ulishuka hadi 0.5? Basi 2.5 ndo kengele. Watu wanachanganya sana hapa, mtu wa mionzi anaona 0.4 anaanza kulia, wakati mwenzake wa oparesheni anaona 0.4 anasema "si chini ya 4 hiyo, kawaida". Ile 4 waliyozoea watu mtaani ni ya mtu ambaye hajawahi kutibiwa, sahau kabisa.

Kwani sitii skani na skani ya mifupa hazitoshi?

Zinaona, ila zinachelewa kuona. Sitii skani inaangalia umbo na ukubwa, tezi ya limfu mpaka ivimbe kufika milimita 8 au 10 ndo wanaitilia shaka, na saratani inaweza kukaa ndani ya tezi ya milimita 5 ambayo kwa macho ya sitii ni tezi nzima kabisa. Skani ya mifupa nayo haioni saratani yenyewe, inaona mfupa unavyojijenga upya kupambana na kitu, kwa hiyo goti lililolika na ubavu uliovunjika zamani vinawaka vilevile. PSA ikiwa chini ya 10 mara nyingi zote mbili zinarudi safi, na mgonjwa anarudi nyumbani na picha safi mkononi na PSA inayopanda, hajui ashike lipi.

Sasa PSMA ni nini hasa?

Ni protini inayokaa kwenye ngozi ya nje ya seli za tezi dume, na seli zikishakuwa saratani zinaitoa kwa wingi kupita kiasi. Ilianza kujulikana 1987. Wataalamu wakatengeneza kamolekuli kadogo kanachong'ang'ania hiyo protini kama kupe, wakakafunga chembe ya mionzi mgongoni, kakichomwa kwenye mshipa kanazunguka mwili mzima na kwenda kushika pale penye PSMA. Mashine ya PET inasoma mionzi inatokea wapi, sitii skani iliyounganishwa nayo inasema hapo ni mfupa gani au tezi ipi. Ile ya Gallium-68, inaitwa PSMA-11, ilianzia Heidelberg, Ujerumani, wakaanza kuitumia kwa wagonjwa 2011. Marekani waliiidhinisha Desemba 2020 kwa vyuo viwili vya California, na mwaka 2021 ikafuata ya Fluorine-18 inayouzwa kwa jina la Pylarify.

Nikiandikiwa "PET skani" si ndo hiyohiyo?

Hapana, na hili swali ndo limenifanya niandike ukurasa mzima. PET ni mashine tu. Kinachoona ni dawa unayochomwa. PET iliyozoeleka kwenye hospitali nyingi inatumia FDG, ambayo ni sukari yenye mionzi, inafaa sana kwa saratani zenye njaa ya sukari kama limfoma (saratani ya tezi za limfu) na ya mapafu. Saratani ya tezi dume nyingi hazili sukari hivo, zinakula taratibu, kwa hiyo FDG inazipita kama haijaziona.

Sisi ilitukuta. Barua iliandikwa PET skani, nukta, hakuna neno lingine, tukafika hospitali moja (jina naliacha) wakampima mzee kwa ile ya sukari, tukalipa hela yote, ripoti ikaja safi, nyumbani wakachinja kuku. Miezi miwili mbele PSA iko 1.3. Yule daktari wa pili akatazama ripoti, akaweka kidole kwenye mstari mmoja tu, pale pameandikwa FDG, akauliza "hii nani aliiagiza?" Tukatazamana. Kwa hiyo kabla hujalipa chochote hakikisha barua yako ina herufi nne hizi, PSMA, na ukifika kaunta waulize tena kwa mdomo. Usione aibu.

## Muda wa kupima

PSA ifike ngapi ndo nikapime?

Hapa kuna kuvutana. PSA ikiwa juu zaidi kipimo kinaona zaidi, ila ukisubiri ipande, ugonjwa nao haukusubiri. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2019, wagonjwa 635 ambao saratani ilirudi, wote walipimwa kwa PSMA-11. PSA ikiwa chini ya 0.5 kipimo kilikuta kitu kwa watu 38 kati ya 100. Kuanzia 0.5 hadi chini ya 1 ikawa 57, kati ya 1 na 2 ikawa 84, na 5 kwenda juu 97.

Mtu akisoma hizo namba anasema basi nasubiri mpaka 2 nisipoteze hela. Hilo ni kosa, kwa aliyetolewa tezi, manake mionzi ya kuokoa (ile ya kupiga pale tezi ilipokuwa) inafanya kazi vizuri zaidi ukiwahi PSA ikiwa bado chini ya 0.5. Miongozo ya Ulaya inasema pima ikizidi 0.2 kama majibu yatabadilisha matibabu, na kipimo kikirudi safi hiyo isiwe sababu ya kuahirisha mionzi. Sisi tulichelewa kwa ajili ya ile FDG, ndo maana nina uchungu nayo.

Wanaongelea kasi ya PSA kujizidisha mara mbili. Ina uzito?

Sana, wakati mwingine kuliko namba yenyewe. PSA iliyotoka 0.2 kwenda 0.4 kwa miezi minne na iliyotumia miaka mitatu ni wanyama wawili tofauti. Chini ya mwaka mmoja, au Gleason (alama ya ukali wa saratani) ya 8 hadi 10 kwenye ile nyama iliyopimwa mwanzo, Wazungu wa Ulaya wanaiweka kundi la hatari. Weka majibu yako yote ya PSA na tarehe zake kwenye daftari moja, na ikiwezekana pima maabara ileile, mashine zinatofautiana.

Daktari anataka kuanza sindano za homoni wiki hii. Nipime kabla au baada?

Kabla, kama kuna nafasi na hali sio ya dharura. Homoni (sindano za kuzima homoni ya kiume inayolisha saratani) ikianza inacheza na kipimo. Siku za mwanzo PSMA inaweza hata kuongezeka kwenye seli, ila ukikaa nayo miezi mingi vidoa vinanywea na vingine vinapotea kwenye picha ingawa havijafa. Ukipima hapo hujui vilikuwa vingapi. Ila mtu mwenye maumivu makali ya mgongo na miguu inaanza kuwa mizito, hapo usiongelee PET, hiyo ni kukimbia hospitali sasa hivi, uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa.

## Siku yenyewe

Nifunge? Nina sukari na natumia metfomini.

Kula. Kufunga ni masharti ya ile FDG, huku hakuna haja, na dawa za sukari kwa kawaida unaendelea nazo. Unachotakiwa ni kunywa maji mengi na kukojoa kabla ya kuingia kwenye mashine, kwa sababu dawa nyingi za PSMA zinatoka kwa mkojo na kibofu kikijaa kinawaka mpaka kinafunika jirani zake, na jirani mkubwa ni palepale tezi ilipotolewa. Vituo vingine wanakuongezea dawa ya kukojoza.

Inachukua muda gani?

Kuchomwa ni dakika, kusubiri ni kama saa nzima, kulala kwenye mashine ni dakika 20 hadi 30 hivi. Mzee alipewa chumba chake peke yake chenye kiti cha kuegemea na ukuta mnene, akaambiwa akae hapo asizunguke. Nesi alileta sindano ndani ya kikopo kizito cha chuma, akachoma fasta, akatoka fasta. Mzee akaniambia kwenye simu, "amenikimbia kama nina kipindupindu". Anafanya hivo kwa wagonjwa siku nzima, kila siku, lazima apunguze dakika zake.

Nitawadhuru wajukuu nikirudi nyumbani?

Gallium-68 inapungua nusu kila dakika 68, Fluorine-18 kila dakika 110. Kwa Gallium masaa saba baadae imebaki chini ya sehemu moja ya 60. Kwa hiyo siku hiyo usipakate watoto wachanga wala kukaa umebanana na mjamzito, kesho yake endelea na maisha. Na wewe mwenyewe, ile dawa inakupa takriban milisivati (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 3, wakati dunia tu tunayokanyaga inampa mtu wastani wa 2.4 kwa mwaka. Sitii skani inaongeza yake juu, inategemea wanaipigaje.

Nimefika nimeambiwa leo hakuna dawa. Wanatufanyia makusudi?

Mara nyingi sio makusudi. Rudi kwenye hizo dakika 68 na 110 hapo juu: hii dawa huwezi kuiweka stoo. Fluorine-18 inatengenezwa asubuhi hiyohiyo kwenye saiklotroni, mashine kubwa ya kuzungusha chembe, ikigoma asubuhi hakuna mtu anayepimwa. Gallium-68 inatoka kwenye jenereta, ni kama kopo lenye Germanium-68 ndani, yenyewe nusu yake inachukua siku 271 hivi, na wataalamu wanaikamua, na wao wanasema hivohivo, kuikamua, kama ng'ombe. Ikishakamuliwa unasubiri ijae tena. Na ikizeeka inatoa kidogo kidogo, wagonjwa wanaopimwa kwa siku wanapungua.

Ukitoka mkoani piga simu jana yake jioni, na asubuhi piga tena kabla hujapanda basi.

Kwa Afrika Mashariki naipata wapi?

Nairobi ndo wengi wanakoelekea. Aga Khan University Hospital wana PET na saiklotroni, na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, KUTRRH, nao wanazo. Dar, Ocean Road wana kitengo cha tiba ya nyuklia na skani ya mifupa inafanyika hapo, uliza hali ya PET ilivyo wiki unayotaka wewe. Wenye uwezo wanaenda India au Afrika Kusini. Bei siandiki kwa sababu zinabadilika, omba invoisi iliyoandikwa jina la dawa, na bima waandikie barua mapema, usiongee nao kaunta.

## Kusoma majibu

Picha ina sehemu nyingi nyeusi, nimeisha?

Pumua kwanza. PSMA inakaa pia sehemu ambazo hazina ubaya wowote. Ile picha ya mwili mzima utaona mtu amechorwa kijivu, pembeni ya taya tezi za mate nyeusi tii, juu ya macho tezi za machozi, katikati figo mbili zimekolea kama maharage yaliyoungua, ini na bandama hafifu, utumbo mwembamba wa mwanzo, na chini kibofu. Hizo zote za kwako, za tangu kuzaliwa. Mama alipoiona mara ya kwanza alijua figo zimekwisha.

Anachotafuta daktari ni kidoa mahali pasipotarajiwa, kwenye tezi za limfu za nyonga, kandokando ya mishipa mikubwa ya tumbo, kwenye mifupa, au pale tezi ilipokuwa. Ile namba ya SUV inaonyesha kidoa kimenyonya dawa kiasi gani, ikiwa kubwa haimaanishi unakufa kesho.

Ripoti inasema ubavu mmoja umewaka kidogo. Imeingia kwenye mfupa?

Inawezekana, ila ubavu mmoja tu, hafifu, kwa mtu mwenye PSA ndogo, mara nyingi inakuwa si kitu. Dawa moja ya Fluorine-18 inayoitwa PSMA-1007 inajulikana kwa tabia hii ya kuwasha mbavu bila sababu (uzuri wake ni kwamba inatokea kwa ini zaidi, kibofu kinabaki kitulivu). Mfupa uliovunjika unaopona nao unawaka. Kuna fundo za neva tumboni karibu na mshipa mkubwa zinadanganya kila siku kama tezi za limfu.

Na kwa sisi huku kuna kingine, kifua kikuu. Vidonda vya TB kwenye mapafu au tezi vinaweza kunyonya PSMA. Ukiwa umewahi kutibiwa TB mwambie msomaji wa picha kabla hajaandika ripoti, na kama kuna kidoa kimoja kitakachobadilisha matibabu yote, uliza kama kinaweza kuchomwa sindano kitolewe nyama kipimwe. Kwenye ule utafiti wa watu 635, vidoa vilivyokatwa nyama vilithibitika kuwa saratani kwa asilimia 84. Hiyo 16 iliyobaki ni watu.

Imerudi safi na PSA inapanda. Nimepona au mashine mbovu?

Hakuna kati ya hayo. Kuna kitu, ila ni kidogo kuliko uwezo wa mashine, au kiko karibu na kibofu kimefunikwa, au saratani yako ni ya wale wachache, kama 5 hadi 10 kati ya 100, ambao seli zao hazitoi PSMA ya kutosha. Kwa aliyetolewa tezi usikae ukisubiri picha iwake, nimeeleza kwenye swali la PSA ngapi.

Vimeonekana vidoa viwili tu. Vinaweza kupigwa vyenyewe?

Vinaweza, na hapa ndo napenda hiki kipimo. Vikiwa vichache, wengi wanahesabu mpaka vitatu au vitano, kuna mionzi ya kulenga ya siku chache inayopiga kidoa kimoja kimoja. Majaribio mawili madogo yalionyesha matumaini. STOMP ya Ubelgiji, watu 62, waliotibiwa vidoa walikaa wastani wa miezi 21 kabla ya kuhitaji homoni, wenzao waliosubiri miezi 13. ORIOLE ya Marekani, watu 54, baada ya miezi sita ugonjwa ulikuwa umesogea kwa asilimia 19 ya waliopigwa mionzi na 61 ya waliokaa kusubiri. Kwa mzee anayejua homoni inafanyaje mwili, joto la ghafla, mifupa kulegea, nyumba kuwa kimya, miezi nane ni mingi.

Lakini kuna ushahidi kwamba kupima kunasaidia, au ni picha nzuri tu?

Swali zuri. Jaribio linaloitwa EMPIRE-1 la Emory, Atlanta, lilichapishwa 2021, walichukua watu 165 waliotolewa tezi, nusu wakapangiwa mionzi kwa picha za kawaida, nusu kwa kuongozwa na PET (dawa yao ilikuwa fluciclovine, sio PSMA). Baada ya miaka mitatu waliobaki bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 63 kundi la kwanza na 75.5 la pili. Kwamba watu wanaishi miaka mingi zaidi, hilo jaribio halikupima. Kwa hiyo kabla ya kuuza ng'ombe uliza daktari wako swali moja: ikikuta kitu utafanya nini, na isipokuta utafanya nini? Majibu yote mawili yakiwa sawasawa, hela yako bakisha.

## Mambo ya pembeni

Mimi nilitibiwa kwa mionzi, sio oparesheni. Kuna tofauti?

Tezi iko ndani kwa hiyo mara nyingi inarudia humohumo. PSMA PET inaangalia mwili mzima, alafu MRI ya nyonga inaingia kwa undani kwenye tezi, na kabla ya kukatwa au kupigwa mionzi tena lazima watoe nyama wahakikishe. Zinasaidiana hizo mbili.

PSA ndogo ila mtu anadhoofika na ini lina uvimbe. Inawezekanaje?

Saratani zingine zikishapigwa sana na homoni zinabadilika tabia, zinaacha kutoa PSA na PSMA zote mbili. Hawa PSMA PET inaweza kuwadanganya, na ndo hapa ile FDG niliyoisema vibaya inapata kazi yake, manake hizo mpya zinakula sukari. Wakati mwingine wanapima zote mbili walinganishe.

Nimesikia hiyohiyo PSMA inatibu. Kweli?

Kweli, unabadilisha chembe ya mgongoni, badala ya Gallium ya kupiga picha unaweka Lutetium-177 inayochoma seli kwa karibu. Marekani iliidhinishwa Machi 2022, kwa waliosambaa na homoni zimeshindwa. Kabla ya kupewa wanakupima PSMA PET kwanza kuona kama vidoa vyako vinaishika dawa, visiposhika hakuna kitu cha kuchoma. Madhara yanayolalamikiwa sana ni uchovu na mdomo kukauka, na ukikumbuka zile tezi za mate nyeusi tii kwenye picha unajua kwanini.

Nirudie kila baada ya miezi mingapi?

Hakuna ratiba. Unarudia pale kuna uamuzi mpya wa kufanya, PSA imebadilika mwendo au matibabu yanabadilishwa. Ukirudia nenda kituo kilekile, dawa ileile, na ubebe sidii ya picha za zamani, ripoti ya karatasi peke yake haimsaidii msomaji kulinganisha. Ya mzee naiweka ndani ya Kurani yake, huko ndo hakuna mtoto anayegusa.